Liyongo, Cú Chulainn na Ndoo za Kibamba

Kitabu chenyewe nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wa Barabara ya Samora, jalada limechanika, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Cuchulain of Muirthemne, cha Lady Gregory, kilichotoka mara ya kwanza 1902. Nikawa nakisoma kwenye daladala, Kibamba mpaka mjini na kurudi, na kwa foleni ya Barabara ya Morogoro mtu unaweza kumaliza kitabu kikubwa bila kujitahidi. Kadiri nilivyosonga mbele ndivyo nilivyojiambia: huyu jamaa mbona namjua?

Cú Chulainn (wenyewe hutamka kama “Kuhulin”) ndiye shujaa mkubwa wa hadithi za kale za Ireland. Alipojeruhiwa na kuona siku zake zimekwisha, alijifunga kwenye jiwe refu ili afe amesimama. Maadui zake hawakuthubutu kumkaribia mpaka walipoona ndege ametua begani mwake.

Sasa njoo kwetu pwani. Fumo Liyongo, mbabe na malenga, alichomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde wake, akatoka mpaka kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, akafa vilevile. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, na hakuna aliyethubutu kusogea. Na aliyemchoma ni nani? Mtoto wake wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Kule Ireland mambo ni kinyume: Cú Chulainn ndiye anayemuua mwanawe kwenye mapigano, bila kumjua, na anapomtambua ni baada ya kumjeruhi kidonda cha kufa.

Sisemi kwamba mmoja kaigwa kutoka kwa mwingine. Kilichonishika ni kile ambacho wenzetu wamemfanyia mtu wao. Mshairi Yeats alilichukua lile tukio la baba na mwana akaliandikia tamthilia, On Baile's Strand, ikaonyeshwa usiku wa kwanza wa Abbey Theatre, Dublin, Desemba 1904. Oliver Sheppard akachonga sanamu ya kile kifo cha kusimama, na mwaka 1935 ikawekwa ndani ya posta kuu ya Dublin kuwakumbuka walioasi utawala wa Mwingereza mwaka 1916. Halafu, miaka mingi baadaye, kule Ireland ya Kaskazini, wanaotaka kubaki na Uingereza nao wakamchora ukutani kama mlinzi wao. Shujaa mmoja, pande mbili zinazochukiana, na kila upande unasema ni wetu. Hadithi ikisimuliwa upya siyo lazima iwe kwa nia njema.

Na sisi je? Tusijidharau. Hadithi ya Liyongo ilikusanywa na Edward Steere Zanzibar na kuchapishwa 1870. Utenzi unaojulikana kwa jina la Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa 1913. Ebrahim Hussein alimchukua Kinjeketile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani 1905, na katika tamthilia yake ya 1969 akampa kitu ambacho masimulizi ya mashujaa huwa hayatoi: shaka. Yule Kinjeketile wa jukwaani anaogopa neno alilolitoa mwenyewe. Emmanuel Mbogo naye akamleta Ng'wanamalundi wa Usukumani kwenye Ngoma ya Ng'wanamalundi. Kwa hiyo kazi hii tunaifahamu. Ila mara nyingi tunaifanya ili shujaa azidi kuwa mkubwa. Wale waliokuwa pembeni wanabaki palepale pembeni.

Haya nisingeyawaza bila mama yangu. Jioni moja umeme umekatika, tumekaa nje, watoto wa jirani wamejaa kibarazani, nikaambiwa nitoe hadithi. Nikachagua Liyongo. Nilisita kidogo, kwa sababu aliyekuwa amekaa karibu yangu kuliko wote ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na minne. Yeye na baba yake hawaongei, huu ni mwaka wa pili sasa, na ndiyo maana anaishi na sisi. Mama alinikonyeza: hapo kwa mtoto pitia haraka. Yaani niseme tu “maadui wakamchoma”, basi, tuendelee. Ndivyo vitabu vingi vya watoto vinavyofanya siku hizi, vinafuta kidonda vinaacha upinde.

Sikufuta. Nilisimulia mkate wa wishwa ambao mama yake Liyongo alificha tupa ndani, na Saada, kijakazi, akaupeleka gerezani, walinzi wakaudharau kwa sababu ni makapi. Nikasimulia sindano, na mkono uliokuwa umeishika. Nikafika kisimani, watu wamekosa maji siku kadhaa kwa kumwogopa maiti.

Mama, ambaye miaka yetu ya mwanzo hapa Kibamba alikuwa anaamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya maji, akanikatiza. “Siku zote hizo walikuwa wanapikia nini?”

Watoto wakacheka. Lakini mimi nilikaa nalo lile swali. Nimesoma uchambuzi mwingi kuhusu ushujaa wa Liyongo, na sikuwahi kuwafikiria wale wanawake wenye vyombo vitupu, wamesimama mbali, mtoto mgongoni analia. Kwa mshairi walikuwa ushahidi kwamba shujaa anatisha hata akiwa amekufa. Kwa mama yangu walikuwa watu wenye kiu.

Nikamalizia: mama yake Liyongo, anayeitwa Mbwasho, aliombwa na watu aende kumbembeleza mwanawe, akaenda, mpaka mwili ulipoanguka ndipo wakajua. Na yule kijana, nikasema, hakupata alichoahidiwa.

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote. Akauliza, anatazama chini: “Sasa baada ya hapo alikuwa anaishi kwa nani?”

Nilikuwa natafuta jibu la kisomi. Mama akanitangulia. “Kwa bibi yake. Angeenda wapi tena?”

Bibi yake ni Mbwasho. Ni yule yule mama aliyepika ule mkate, aliyekwenda kumbembeleza maiti ya mwanawe. Huyo ndiye, kwa mujibu wa mama yangu, aliyempokea muuaji wa mwanawe mlangoni, akamtengea chakula. Jambo hilo halimo kwenye utenzi wala kwa Steere. Mama kalitoa kichwani mwake, kwa sababu ya mtoto aliyekuwa amekaa mbele yake, na hakuna aliyembishia.

Ndiyo maana naomba waandishi wetu wamrudie Liyongo, tena na tena, wala wasiombe ruhusa kwa mtu. Lakini wasije kumwongezea misuli, anayo ya kutosha. Waanzie kwa waliokosa maji, kwa Saada njiani na kikapu chake, kwa mlango wa Mbwasho usiku ule. Waseme alimwambia nini yule kijana alipobisha hodi. Hapa kwetu kuna mtoto ambaye angependa kujua.