LEBO YA MBEGE YA SENDOFU: JINA LA MAMA LIKAE AU LISIKAE?

Mjini hapa unaweza kuficha mengi kwa filta, ila chupa ya mbege ikishakaa katikati ya meza ya wakwe, haifichiki tena.

Mrembo mmoja wa Dar (jina kapuni), mtaalamu wa mekapu mwenye wafuasi kibao Instagram, aliamua sendofu yake isiwe na shampeni. Kila meza iwekwe mbege ya kwao Moshi, kwenye chupa za glasi, na lebo aliyoibuni mwenyewe. Wazo kali! Kwa Wachaga mambo ya ndoa bila mbege hayanogi.

Kazi yenyewe sasa, si ya kitoto. Chupa zilikuwa za juisi, zilizotumika, 60. Akaziloweka usiku kucha kwenye maji ya moto yenye magadi ili lebo za zamani zibanduke. Akapima kwa karatasi, akapata sentimita 9 kwa 9, yaani lebo 6 kwa karatasi moja ya A4. Akachora kwenye simu. Sampuli ya kwanza ilichapwa kwa printa ya wino wa maji. Chupa ilipotoka kwenye friji na kutoa jasho, wino ukachuruzika kama wanja wa bibi harusi anayelia. Ikabidi aende steshenari yenye mashine ya leza. Na gundi? Maziwa! Unapaka kidogo tu nyuma ya karatasi, unabandika, unafuta. Yakikauka lebo inashika, na siku ya kuosha inabanduka kwa maji tu.

Kasheshe likaanza kwenye maneno. Sampuli ilikuwa Kiingereza kitupu, picha ya mlima, na "Est. 1985". Kaka yake akataka na alama ya TBS iongezwe, eti ionekane ya kampuni. Mama, aliyekuja na mbege yake toka Moshi, akacheka: "Mwanangu, 1985 mimi nilikuwa darasa la pili." Alama ya TBS nayo hutolewa kwa leseni baada ya bidhaa kukaguliwa, kujibandikia tu ni kosa kisheria. Vyote vikafutwa.

Mama akasema waandike vitu vya maana. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Ikishachanganywa haitulii. Inaendelea kuchacha, gesi inajaa, na chupa ya glasi iliyokazwa inaweza kupasuka mezani. Basi wakaandika: "Imechanganywa Ijumaa. Inywewe Jumamosi. Weka kwenye baridi, usikaze kifuniko. Ina kilevi, si ya watoto."

Ukabaki mstari mmoja: "Imepikwa na..." Hapo mrembo akanyamaza.

Miaka yote mchumba na wakwe waliambiwa mama ni "mfanyabiashara". Si uongo. Kisichosemwa ni kwamba biashara yenyewe ni kuuza mbege kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na pesa hiyo hiyo ndiyo iliyolipa ada mpaka kidato cha nne, ikanunua na boksi la kwanza la mekapu. Sasa aibandike hiyo mbele ya wakwe wa Masaki?

Mama alishaelewa. Hakununa wala nini. "Kama jina langu litakuharibia, liache. Andika mbege tu, watakunywa."

Bora angegomba. Kesho yake lebo zilitoka na jina la mama juu kabisa, herufi kubwa kuliko za maharusi.

Ukumbini mama mkwe aliisoma lebo yote, kisha akauliza mpishi ni nani. Bibi harusi akasimama mwenyewe, akamshika mama yake mkono: "Ni huyu. Ndiyo kazi yake, ndiyo iliyonisomesha." Wapo waliopiga vigelegele, wapo walionong'ona, na zipo chupa zilizorudi nusu. Ila mama alibandua lebo moja taratibu, akaikunja, akaitia kwenye pochi.

Wangapi mjini wazazi wao ni "wafanyabiashara" tu, hawataki kusema wanauza nini? Mdau, ungekuwa wewe, jina la mama ungeliweka? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi hapana!