Wosia kwa Wajukuu: Siku Nikianguka

Wajukuu zangu wapenzi,

Mali niliyonayo mnaijua, na mgao wake nimekwisha kumkabidhi baba yenu mkubwa. Haya ninayowaandikia ni ya mwili. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa mpaka nikastaafu, na wazee wengi niliowapokea hawakuanguka kutoka mnazini wala hawakugongwa na gari. Walijikwaa usiku kwenye kizingiti cha choo, ndani ya nyumba waliyoizoea miaka yote.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na vifo hivyo huwapata zaidi waliovuka miaka 60. Hata hivyo mzee akianguka, nyumbani husemwa: uzee huo. Kauli hiyo ilinikera tangu nikiwa kazini na inanikera hadi leo, kwa sababu ikishatoka, hakuna anayeuliza tena. Ulizeni! Je, alisimama ghafla akashikwa na kizunguzungu? Huenda dawa ya presha imemzidi, au ile ya usingizi. Je, anaona vizuri? Mtoto wa jicho hutolewa. Je, miguu ina ganzi ya kisukari? Kandambili zilizolika soli, dera linaloburuta, ukumbi usio na taa: hayo mnaweza kuyarekebisha leo hii kabla ya magharibi.

Tena ijueni siri yetu wazee. Tunaficha. Bibi atateleza, atajipangusa vumbi na kusema hakuna kitu, kwa kuwa anajua mkisikia mtamkataza kwenda sokoni, shambani na msikitini. Msimfungie. Miguu isiyotembea huishiwa nguvu, na asiye na nguvu za miguu ndiye aangukaye. Mwekeeni chuma cha kushikilia chooni, mtafutieni mkongojo wa kimo chake, kisha mwacheni aende zake.

Mvunjiko ninaouogopa kuliko yote ni wa nyonga. Mara nyingi mtautambua: hawezi kusimama, mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umegeukia nje. Hapo msimvute, msimkande, msimpeleke kuchuliwa. Wanaofunga mifupa kwa vijiti nawaheshimu. Wako waliofunga mkono ukaunga. Lakini shingo ya fupa la paja ikikatika, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika nayo, na hapana kuchua kutakakoirudisha damu ile. Mzee atabaki chali. Vitakuja vidonda mgongoni, itakuja nimonia, damu itaganda miguuni. Nimewaona wakifa kwa kulala, nao mfupa ukasingiziwa. Upasuaji wa mapema, ndani ya siku mbili ikiwezekana, ndio unaompa mzee nafasi ya kusimama tena.

Nanyi msidhani mambo haya ni ya bibi peke yake. Mfupa hujengwa ujanani, na ukikaribia miaka 30 umekwisha kufika kilele chake. Chezeni, bebeni mizigo, kuleni dagaa, kunyweni maziwa, msilikimbie jua la asubuhi. Wasichana nawasisitizia zaidi, maana hedhi ikikoma mfupa hupungua kwa kasi.

Sasa yanayonihusu mimi. Nikianguka, kadi ya bima na orodha ya dawa zangu zimo kwenye mkoba wa kahawia juu ya kabati. Nipelekeni hospitali yenye eksirei siku hiyo hiyo. Daktari akisema nipasuliwe, idhini nimeitoa hapa kwa mkono wangu. Msingoje kikao cha ukoo, wala msimngoje mjomba wenu afike kutoka Mwanza. Na kesho yake muuguzi akija kuniinua kitandani, mwacheni aniinue, hata nikimkatalia kwa machozi.

Bibi yenu