Tulitaka Kuzichoma Karata za Mtoto Wetu

Akina mama wenzetu, mzazi anaweza kufungua sanduku la mtoto akitafuta shati la kufua, akajikuta ameketi kitandani miguu imemwisha nguvu. Ndivyo ilivyotupata sisi hapa Mbinga mwaka 2023. Chini ya nguo za kijana wetu wa pili tulikuta karata nyingi zimefungwa kwa mpira. Hazikuwa zile za kopa na shupaza tunazozifahamu. Hizi zilikuwa na picha za mifupa inayotembea, wanyama wenye mabawa, na jitu moja lenye pembe. Pembeni palikuwa na daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Makaburi: namna ya kufufua mapema."

Mnajua wenyewe tunavyoishi. Neno moja la uchawi likitoka mdomoni mwa jirani laweza kubomoa nyumba ya watu. Tena kijana huyu alikuwa amekwisha kutupa fedheha. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa mabaya, na kwenye hesabu alipata F. Tangu siku ile alikuwa akienda kwenye mibuni asubuhi, akirudi anajifungia chumbani. Sisi tulidhani amelala. Kumbe alikuwa na makaburi!

Usiku ule tulishauriana, baba na mama, kwa sauti ya chini. Tukakubaliana kwamba kesho akishaondoka, karata zote ziingie mafigani.

Kesho yake moto ukawashwa. Yule kati yetu aliyeshika kiberiti akasema tulifungue kwanza lile daftari, tujue linasema nini. Tukasoma: "Leo nimeshindwa. Sababu: wakubwa wanne mkononi, hakuna njia ya kuwapeleka kaburini. Si bahati mbaya. Nimepanga vibaya."

Tuliusoma mstari ule mara mbili. Kwa miaka minne ya sekondari hatukuwahi kumsikia mtoto huyu akikiri kosa. Mara mwalimu hamwelekezi, mara mtihani ulikuwa mgumu. Na hapa ameandika kwa mkono wake kwamba kosa ni lake. Tukazirudisha karata sandukuni, tukasubiri arudi.

Mchezo wenyewe

Jioni tulimwita, tukamwambia wazi tulichokiona na tulichokusudia kufanya. Macho yakamlengalenga. "Mama, baba, ni mchezo tu," akasema. "Niruhusuni niwaonyeshe." Akatandika mkeka, akazipanga.

Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Mmarekani mmoja msomi wa hesabu, Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Jina lake la kwanza maana yake ni uchawi, na hilo halikutupendeza. Lakini tulijifunza kwamba hatukuwa wazazi wa kwanza kuogopa. Katika miaka ya tisini wazazi wa Marekani nao walilalamika, na kwa miaka kadhaa kampuni inayozichapa iliacha kutoa karata mpya za mashetani, ikazirudisha mwaka 2002. Karata za kijana wetu aliachiwa na binamu yake aliyesoma ng'ambo. Zile alizozikosa alizitengeneza mwenyewe kwa boksi za sabuni, akaziandika kwa kalamu.

Katika mchezo huu kila mchezaji hujiundia fungu lake, karata zisizopungua 60. Karata ya jina moja haizidi nne, isipokuwa zile za kawaida za ardhi. Ardhi ndiyo inayompa mchezaji nguvu ya kutumia karata nyingine, kama vile shamba linavyolisha nyumba. Unaanza na karata saba mkononi na uhai 20. Karata iliyotumika, iliyouawa au iliyotupwa huwekwa kwenye rundo pembeni. Rundo hilo ndilo liitwalo makaburi.

"Wengi wanaliona ni jalala," akatuambia. "Mimi najenga humo."

Mpango wake ulikuwa huu. Karata kubwa ni ghali, unaweza kungoja zamu saba au nane hadi ardhi zako zitoshe. Yeye hangoji. Iko karata iitwayo Entomb ambayo kwa ardhi moja tu humwezesha kuchukua karata yoyote funguni na kuipeleka moja kwa moja makaburini. Zamu inayofuata hutumia nyingine iitwayo Reanimate, nayo ya ardhi moja, na jitu linainuka zamu ya pili, wakati mpinzani bado anajikusanya.

"Basi kufa si mwisho?" tukamwuliza.

"Aliyeko makaburini hajatoka mchezoni, mama. Kuna mahali pengine kwa waliotoka kabisa. Makaburini bado ni wangu."

Tukatazamana, tukanyamaza. Siku ya matokeo, mmoja wetu alimwambia mtoto huyu kwa hasira, "Wewe kwetu basi." Mwingine alisikia, asiseme kitu. Hatukumkumbusha jioni ile, na yeye hakutukumbusha.

Kulirekebisha fungu

Tulidhani kwamba mtu akishakuwa na karata nzuri atashinda. Sivyo. Miezi iliyofuata tulimwona akilijenga na kulibomoa fungu lile zaidi ya mara kumi.

La kwanza lilikuwa na majitu 12, kwa tamaa. Yakamjaa mkononi, yasitumike. Akayapunguza hadi matano. Karata za ardhi zilikuwa 26, akaona karata zake nyingi zinahitaji ardhi moja au mbili tu, akazishusha hadi 18. Nafasi zilizopatikana akaweka karata za kutupa zilizo mkononi, ili jitu likija mahali pasipofaa liwe na njia ya kufika makaburini.

Kisha akatuonyesha jambo lililotushangaza zaidi. Alitaka kujua ni mara ngapi karata yenye nakala nne itaonekana katika zile saba za mwanzo. Badala ya kukisia, akazidisha sehemu nne: 53 kwa 60, 52 kwa 59, 51 kwa 58, na 50 kwa 57. Jibu lake ni uwezekano wa kuikosa, kama mara 60 katika 100. Kwa hiyo ataipata mara 40 tu. Akiweka nane za kazi moja, yaani nne za jina hili na nne za jina lile, ataipata zaidi ya mara 65 katika 100. Ndiyo maana akaongeza. Tulilipeleka daftari kwa jirani yetu mwalimu, akalikagua, akasema hesabu ni sahihi. Hii ndiyo hesabu ya mtoto aliyepata F!

Kuhusu lile jitu lenye pembe, tulimwambia kwa upole kwamba halitutulizi moyo kukaa nalo chini ya paa moja. Hakubishana. Wiki ile ile akaliondoa, akaweka malaika aitwaye Akroma, mwenye mabawa, anayeweza kushambulia zamu ile ile anayoinuka. Akasema amemchagua kwa nguvu zake, si kwa kutufurahisha. Tulicheka, lakini tulifurahi vilevile.

Kwa babu, Liuli

Mwezi Desemba tuliteremka ziwani kwa wazee. Kutoka Mbinga barabara inashuka milima hadi Mbamba Bay, kisha tukafuata pwani ya Ziwa Nyasa hadi Liuli. Usipa walikuwa wameanikwa, na babu alikuwa chini ya mwembe na bao lake.

Kijana akamwamkia, akaketi. Babu akamwuliza zile karata alizosikia habari zake ni kitu gani. Akaeleza. Tulikaa roho juu, tukijua babu ni mzee wa kanisa. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, hilo ni bao."

Akamwonyesha. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika drafti, kete iliyoliwa huwekwa kando, imekwisha. Katika bao, kete unazozila kwa mwenzio unazipanda upande wako, kuanzia kichwani, nazo zinaendelea kula. "Humu hakuna kinachokufa," babu akasema. "Kinahama tu. Mchezaji mjinga huhesabu alizopoteza. Mwenye akili hutazama zinakokwenda."

Binamu yake wa pale Liuli alikuwa naye na fungu lake. Wakacheza. Kijana wetu akamzika malaika wake zamu ya kwanza, akijiandaa kumwinua. Binamu akatoa karata ndogo isiyohitaji hata ardhi, Tormod's Crypt, ambayo hufagia makaburi yote ya mpinzani na kuyatoa nje ya mchezo kabisa. Mpango wote ukaisha. Akashindwa mara tatu mfululizo.

Sisi tuliiona ile karata tukakumbuka kiberiti chetu.

Usiku aliandika daftarini: "Nimeweka tumaini lote shimo moja. Lazima pawe na njia ya pili." Aliporudi nyumbani aliondoa baadhi ya karata za kuzika, akaweka viumbe wadogo wa bei nafuu wa kumsukuma mpinzani wakati makaburi yamefagiwa. Fungu likapungua kasi kidogo, lakini likaacha kuanguka kwa pigo moja.

Haifufui bure

Akina mama wenzetu wa Umatengo mtatuelewa tukisema kwamba haya yote hayakupaswa kuwa mageni kwetu. Kila mwaka, karibu na Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa miraba. Sisi kina mama huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile kwa udongo. Hiyo ndiyo ngoro yetu. Juu ya nyasi zilizokufa tunapanda maharage, na msimu unaofuata mahindi, na mvua haiutoi udongo mlimani. Vizazi na vizazi tumekula kutoka kwenye vilivyozikwa. Lakini nyasi hazijifukii. Mgongo wa mtu lazima uume.

Na karata ile nayo ina sharti. Ukimwinua kiumbe kwa Reanimate, unapoteza uhai sawasawa na gharama yake. Akroma gharama yake ni nane. Mwenye uhai 20 anabaki na 12, kabla mpinzani hajamgusa. Kijana alitueleza hivyo siku ya kwanza kabisa, tukalipita. Tulilielewa baadaye, tulipokaa kuzungumza habari ya kurudia mtihani.

Gharama yetu ya kwanza ilikuwa fedha: tulitenga sehemu ya mauzo ya kahawa kwa ada ya mtahiniwa wa kujitegemea na vitabu. Hiyo ilikuwa rahisi. Ya pili ilikuwa ulimi. Ilitupasa kumwita mtoto wetu na kumwambia kwamba lile neno la siku ya matokeo halikuwa haki, na ule ukimya wa siku ile haukuwa haki pia. Mzazi kumwomba radhi mtoto ni kazi nzito katika desturi zetu. Tulilisema. Akainamisha kichwa, akajibu, "Yamekwisha, baba. Yamekwisha, mama." Kisha akaenda kuwafungia mbuzi.

Alifanya mtihani mwaka 2024. Hatutawadanganya kwamba yalitoka maajabu. Ile F ya hesabu imekuwa D, na masomo mengine mawili yamepanda. Yalimtosha kupata nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme, na huko ndiko aliko. Daftari bado analo, ila sasa ukurasa mmoja ni wa karata na unaofuata ni wa nyaya. Namna ya kuandika ni ile ile: nimekosea wapi, na kwa nini.

Hatusemi kila kitu mtoto anachokileta nyumbani ni chema. Yapo ya kuchoma. Ila kabla hujawasha kiberiti, mama mwenzetu, mwambie atandike mkeka akuonyeshe. Na kama kuna mtoto uliyekwisha kumzika kwa maneno, bado ni wako. Jiulize tu kama uko tayari kulipa.