Sikio la Askari

Askari mmoja mstaafu wa Jinja alisikia vyema ngurumo za malori barabarani, lakini mkewe akisema "shika", yeye alisikia "fika". Mke akadhani anadharauliwa. Hata ikawa wanakula chakula bila mazungumzo.

Binti yao aliyeolewa Mbale akampeleka hospitalini huko. Mzee akavishwa visikizio, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata ukiwa hafifu. Mlio mzito wa mitetemo 250 kwa sekunde aliusikia. Wa 1,000 pia. Ulipopigwa wa 4,000, kidole chake kilitulia.

Mganga akaeleza kwamba mishindo ya bunduki huanza kudhuru hapo hapo. Sauti nyembamba, kama "s", "f" na "sh", hupotea, na nzito zikabaki. Chembe za sikio zilizokufa hazifufuki. Kifaa cha kusikilizia husaidia tu. Kwa hiyo kijana aendaye kulenga shabaha na azibe masikio mapema.

Mke akainama. "Baba watoto, nisamehe. Nilidhani ni moyo uliofunga."

Tangu siku hiyo humkabili usoni, akasema polepole pasipo kupiga kelele. Na chakula kimerudia ladha yake.