Mtoto anayetembea usingizini si mchawi

Mwaka 2024, vita vilipofika Sake na watu wengi wakakimbilia upande wa Goma, mama mmoja kule Bulengo aliniuliza kama ni vibaya kumfunga mtoto mguu kwa kamba kila usiku. Kijana wake wa miaka 9 alikuwa anaamka, macho wazi, anatoka nje ya hema bila kujibu mtu. Asubuhi hakumbuki kitu. Majirani walikuwa wamekwisha kusema ni uchawi, apelekwe kwenye chumba cha maombi.

Swali hilo nililipeleka kwa muuguzi, nikaelewa mambo haya. Kutembea usingizini hutokea zaidi saa za kwanza za usiku, wakati usingizi ni mzito. Sehemu moja ya ubongo inaamka, nyingine inabaki imelala. Ndiyo maana mtoto anaweza kufungua mlango lakini asikutambue. Huwapata watoto kuliko watu wazima, na wengi huacha wakikua. Mara nyingi baba au mama naye alitembea hivyo utotoni.

Kuna mambo yanayoichochea: kukosa usingizi, homa, makelele, kulala bila kukojoa, na mahangaiko ya moyo. Tujiulize, ni lipi kati ya hayo linalokosekana kambini?

Akina baba na akina mama, msimpige wala kumfokea. Mshikeni polepole, mumrudishe kwenye mkeka. Kumwamsha hakumuui kama wengine wanavyosema, ila anaweza kushtuka na kupigana. Alale mbali na mbabula na visu, na mtu mzima alale karibu na mlango. Kamba hapana: moto ukiwaka ama risasi zikilia, atakimbia namna gani? Na kama mwili unakakamaa na kutetemeka, ama anajiuma ulimi, mpelekeni kituo cha afya haraka, maana inaweza kuwa kifafa.

Mzazi anayetaka kumwombea mtoto wake amwombee. Lakini kumfungia, kumnyima chakula ama kumfukuza kwa sababu anatembea usiku, hiyo si maombi. Tena sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu yeyote anayemsingizia mtoto uchawi. Jirani akianza maneno hayo, mwambieni hivyo bila kuogopa.