Si Kila Kinywaji ni Kikali

Walimu wa Kiswahili tunaofundisha mbali na pwani tunalijua vema neno "kali". Kwa wanafunzi wetu wa Uganda pilipili ni kali, ndimu ni kali, chai isiyo na sukari ni kali, na waragi, bila shaka, ni kali kupita vyote. Neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno matano. Kwa miaka mingi tulilipiga mstari kwa wino mwekundu tu. Mwaka 2018 tulihudhuria mafunzo ya walimu wa lugha huko Uingereza, na mzee mmoja aliyestaafu ualimu akatualika nyumbani kwake kuonja na kulinganisha vinywaji vya kwao.

Tulikwenda pamoja na mwalimu mwenzetu wa kike kutoka Tanga. Yeye ni Mwislamu na hanywi. Alikubali kuja kwa shauku ya lugha. "Wewe onja, mwalimu," alituambia, "mimi nitanusa na kukupa maneno."

Kwanza ililetwa eli ya pipa, ambayo mwenyeji wetu aliinunua kilabuni mtaa wa pili na kuibeba katika jagi. Ilikuwa ya aina ambayo Waingereza huiita "bitter", yaani chungu. Rangi yake ni ya chai ya rangi, povu lake haba, na ubaridi wake si wa barafu bali wa maji ya mtungi, nyuzi 12 hivi. Ladha ya kimea hutangulia, tamu kidogo kama uji wa ulezi ulioanza kuchacha. Kisha uchungu hufuata nyuma ya ulimi, nao hutokana na maua ya hopsi, mmea utambaao. Mzee alianza kutueleza kwa kirefu jinsi shayiri inavyoloweshwa, ikaoteshwa, ikakaushwa. Tulimwambia kwamba mama zetu hufanya vivyo hivyo kwa ulezi, na kwamba Kiswahili kina neno lake, fupi na zuri: kimea.

Hapa pana jambo la kuwafaa watunga kamusi. Bia tuliyoizoea Afrika ya Mashariki ni laga: huchachushwa katika ubaridi, na kwa kawaida huchujwa na kutiwa gesi kabla ya kuuzwa. Eli ya pipa huchachuka katika joto zaidi, huingia pipani hamira ikiwa hai, na humo huendelea kuchachuka. Pipa likishafunguliwa hapana budi linywewe kwa siku chache, la sivyo eli hugeuka kama siki. Viwanda vikubwa vilipokuwa vikiisukuma kando, wanywaji wanne walianzisha mwaka 1971 chama cha kuitetea, CAMRA, ambacho kingali hai. Sasa kinywaji kisichochujwa, chenye hamira hai, kisichongoja wiki mbili, ni kipi kwetu? Ndicho kwete, ndicho tonto. Kwa maoni yetu eli ya pipa ni pombe, na kuiita bia ni kuipoteza.

Ama wiski ya kimea, huanza kama eli isiyotiwa hopsi, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukakusanywa unapopoa. Sheria ya Uskoti hudai miaka 3 isiyopungua katika mapipa ya mwaloni, na nguvu isiyo chini ya asilimia 40. Waskoti na Waayalandi hawakubaliani hata juu ya kuliandika jina hilo kwa Kiingereza. Sisi wenye "wiski" yetu hatumo.

Tulionja mbili. Ya Bushmills, kutoka Ayalandi ya Kaskazini, hukenekwa mara tatu, na kimea chake hakipitishwi moshini. Tulipomeza tulitamka, kwa mazoea, "Kali!" Mwenzetu hakutuachia. "Wembe ni mkali, mwalimu, na jua ni kali. Hiyo inakuchoma wapi, na ladha yake ni ipi?" Tukatia matone ya maji, tukaonja tena. Ilichoma kooni, lakini ulimini ilikuwa tamu, tamu ya asali. Ya pili ilikuwa Laphroaig, ya kisiwa cha Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, ukatwao vipande na kuanikwa kama kuni. Mwenzetu alinusa, akarudi nyuma. "Si moshi mtupu. Mna shombo humu, kama ngalawa ya wavuvi, na dawa ya kidonda." Mzee alicheka sana, kwa kuwa waonjaji wa kwao huandika juu ya mwani na ayodini. Sisi tuliongeza ukakasi, ule wa ndizi mbichi, unaoachwa na mbao za pipa.

Tuliporudi tuliwapa wanafunzi ukwaju, ndizi mbichi, mwarobaini na tangawizi, tukawaruhusu kulitumia neno "kali" mara moja tu. Ugwadu na uchungu waliviona upesi; ukakasi uliwasumbua.

Liko moja lililotushinda hata sisi wawili. Waonjaji wa wiski hulipa thamani kubwa jambo linalobaki kinywani baada ya kumeza: ladha ile inayokawia, ikibadilika kabla ya kutoweka. Mwenzetu alipendekeza "masalio ya ladha", lakini masalio ni ya chakula sahanini. Msomaji wa pwani au wa bara aliye na neno la wazee wake kwa jambo hilo, tafadhali alilete katika toleo lijalo.