Nimepata kipande, fathee bado

Najua nimekuwa kimya, na kuna mmoja wenu aliniuliza kama nimeshikwa. Sijashikwa. Kwa mara ya kwanza maishani, karao akinisimamisha nina kitu cha kumwonesha, na hiyo ndiyo stori ya leo. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa mat na unashuka stage inayofuata, soma baadaye.

Nina miaka 22 na nimepata kitambulisho mwezi wa tisa mwaka huu wa 2025. Picha yake siweki hapa. Nawajua nyinyi, kesho nitaamka nipate nimekopewa pesa kwa simu.

Wengi wenu mlichukua kipande mkiwa na miaka 18, mkapakwa wino vidoleni, mkalalamika picha ni mbaya, maisha yakaendelea. Mimi imenichukua miaka minne. Kwa hivyo siku ya kukichukua nilivaa shati ya kola, mathee akajifunga leso mpya, na tukatembea mpaka uwanja wa shule ya msingi huku kwetu Makueni kama watu wanaoenda harusi.

Ilikuwa baraza ya kawaida. Hema moja, viti vya plastiki, spika inayokoroma, wazee chini ya mwembe. Tulikuwa vijana kama arobaini, na wakubwa waliamua kuifanya iwe sherehe. Kukawa na maombi, kukawa na hotuba, halafu hotuba ya kushukuru hotuba. Afisa mmoja akashika maiki akasema, "Vijana, kuanzia leo nyinyi ni Wakenya kamili." Makofi. Mathee, mwenye hata kanisani hakubali kusimama kutoa ushuhuda, akaongea kwa sauti kutoka nyuma: "Huyu wangu ni Mkenya tangu nimzae!" Watu wakaangua kicheko, hata afisa mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama fathee, amesimama nje ya hema karibu na pikipiki za watu, kama mtu aliyekuwa anapita njia tu.

Jina langu likaitwa. Nikatia sahihi kwa kitabu, nikaweka dole gumba, nikapewa kadi na soda. Hakuna kiapo. Mgeni akipewa uraia huapa kiapo cha utii, na sijui kwa nini nilidhani hata sisi tutaapishwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuinua mkono.

Sasa nieleze kuhusu fathee, maana bila yeye hamtaelewa miaka minne ilienda wapi.

Babu yangu upande wa baba alikuwa Mmakonde kutoka Msumbiji. Alikuja pwani enzi za mkoloni, kama Wamakonde wengi waliofanya kazi kwa mashamba ya makonge na miwa, na hakurudi. Fathee akazaliwa Kwale, akasoma huko mpaka darasa la sita, halafu akiwa kijana akasikia kuna kazi kwa shamba la makonge la Dwa, Kibwezi. Akaja. Kibwezi akakutana na msichana wa Kikamba aliyekuwa akiuza muthokoi kwa wafanyakazi. Ndio huyo mathee. Mimi jina langu ni la Kikamba, ndoto zangu ni za Kikamba. Fathee Kikamba chake kinachekesha, lakini anakiongea kutwa. Hajawahi kulala hata usiku mmoja nje ya Kenya. Na hajawahi kuwa na kitambulisho cha nchi yoyote.

Mkiwa na kipande hamjui kinafanya kazi ngapi. Laini ya simu ya fathee imesajiliwa kwa jina la mathee. Ukimtumia pesa kwa M-Pesa unaona jina la mwanamke, na wenzake kazini walianza kumwita hilo jina. Anacheka nao. Hajawahi kupiga kura. Dada yake alipofariki Kwale hakuenda kumzika, kwa sababu barabara ina vizuizi vya polisi na aliogopa kuulizwa yeye ni nani. Siku hiyo alishinda akipalilia shamba ambalo lilikuwa limeshapaliliwa.

Mimi kesi yangu ilipaswa kuwa rahisi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema ukizaliwa na mama raia au baba raia, wewe ni raia wa kuzaliwa. Hiyo "au" ni neno la herufi mbili, na maisha yangu yote yamekaa juu yake. Mathee ana kipande, alizaliwa hapa, wazazi wake walizaliwa hapa. Lakini ofisi ya kwanza niliyoenda mwaka 2021, sitaitaja, waliisoma "au" kama "na". Lete kitambulisho cha baba. Hana. Lete cha babu. Babu ameshakufa. Lete cheti chake cha kifo. Mara faili haionekani, mara mtu wa vidole hayuko, rudi Jumatatu. Jumatatu zilipita mpaka nikaacha kuzihesabu.

2022 niliingia chuo. Wenzangu wakajaza fomu za mkopo wa wanafunzi, mimi nikakwama pale inapoomba namba ya kitambulisho. Mathee akauza ng'ombe wawili. Ng'ombe wakaisha kabla ya karo kuisha, na muhula wa nne nikafunga begi.

Hapa kuna kitu nadaiwa nanyi. Ile video yangu ambayo wengi wenu mliisambaza, ile nasema niliacha chuo kwa sababu digrii ni karatasi tu na mtu mjanja hujitafutia? Nilidanganya. Niliacha kwa sababu ya karatasi, ndio, lakini si digrii. Niliona aibu kusema baba yangu hana kipande. Ikawa rahisi kujifanya mjanja, na mlinipenda nikiwa mjanja, nikaendelea. Kuna msee aliniandikia kwamba video hiyo ilimpa nguvu ya kuacha masomo. Bro, kama unasoma hii, nitafute tuongee. Hata pesa za hizi video, kwa taarifa yenu, zimekuwa zikiingia kwa mathee. Yeye ndiye mtayarishaji wa kontenti anayelipwa, mimi ni kibarua.

Turudi nyuma. Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walifunga safari kwenda Ikulu ya Nairobi kudai watambuliwe. Angalia ramani. Huwezi kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa barabara ya Mombasa bila kupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Walipita hapa kwetu. Nilikuwa na miaka 13 na jioni nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha kando ya barabara hiyohiyo. Labda niliwauzia, sijui. Fathee alijua wanapita, alikuwa amesikia kwa redio. Hakutoka nyumbani.

Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha. Mapema 2017 wakaanza kuvipata, na watu wakaanza kuwaita kabila la 43. Lakini waliokuwa wakiandikishwa ni wa Kwale, kijiji kwa kijiji. Mmakonde mmoja wa Kibwezi, anayekula muthokoi na kuogopa barabara, hakuna orodha iliyomfikia. Na dirisha lenyewe lilikuwa na mwisho. Sheria ya uraia ya 2011 iliwapa watu wasio na nchi, walioishi hapa tangu uhuru, pamoja na watoto wao, miaka 5 ya kujiandikisha. Ikaongezwa miaka 3. Agosti 2019 likafungwa. Baadaye Washona walitangaziwa habari njema Jamhuri ya 2020, na Wapemba wa pwani wakafuata 2023. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila nimeona kwamba kundi likija pamoja linasikika. Fathee ni kundi la mtu mmoja.

Kitu kimoja kidogo nje ya mada, halafu narudi. Mnajua vile vinyago Wakamba tunajulikana navyo, twiga na Wamaasai wa mbao wanaouziwa watalii? Vilianzia Wamunyu, upande wa Machakos, na mtu anayetajwa ni Mutisya Munge. Alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga huko, akarudi nayo nyumbani. Wengine husema alifunzwa na Wazaramo, wengi husema ni Wamakonde. Mimi nina sababu zangu za kuchagua Wamakonde. Yaani uchongaji wao ulipata uraia Ukambani karibu miaka mia kabla ya wao wenyewe.

Sasa mtaniuliza, kwani hawezi kupata kupitia ndoa? Anaweza. Katiba inasema ukiwa umeoana na raia kwa miaka 7 au zaidi, una haki ya kuomba kusajiliwa. Wazazi wangu wana zaidi ya miaka 23 pamoja. Fathee alipeleka mbuzi wa ntheo kwa kina mathee, mbuzi watatu, wazima, na kwa Mkamba yeyote hiyo ndoa imefungwa, hakuna mjadala. Shida ni kwamba mbuzi hawatoi cheti. Tangu sheria ya ndoa ya 2014 hata ndoa ya kimila inatakiwa isajiliwe. Tulipoenda kuuliza, karani akatuambia tulete kitambulisho cha bwana harusi.

Tulitoka nje tukakaa kwa ngazi. Mathee ndiye alianza kucheka.

Basi, Oktoba hii Mashujaa ikaletwa Kitui, uwanja wa Ithookwe. Sikuwa na mpango wa kwenda. Mimi sherehe za serikali huwa natazama kwa simu nikitafuta kitu cha kuchekesha. Fathee ndiye alisema, siku mbili kabla, "Twende Kitui." Nikamwangalia. Huyu ni mtu hakuenda mazishi ya dada yake. Akasema, "Wewe sasa una kadi. Nikiulizwa, niko na wewe."

Tukatoka Kibwezi gizani tarehe 20. Lami ya Kibwezi kwenda Kitui ni nzuri, unapita Ikutha, Mutomo, Ikanga, na kunapopambazuka unaona vichaka vikavu vya Ukambani mpaka mwisho wa macho. Fathee alikaa dirishani. Nilikuwa nimeshika kitambulisho mkononi tangu tupande, na nilijiambia ni kwa sababu mfuko wangu umetoboka. Tulipofika kizuizi cha kwanza, karao akaongea na dereva, akachungulia ndani, akasema songeni. Hakuna aliyeuliza mtu chochote. Cha pili vilevile. Fathee hakuongea mpaka Mutomo, halafu akauliza kama nimekula. Mimi kadi ilikuwa imelowa jasho.

Uwanjani hakukuwa na shangwe niliyotarajia. Raila Odinga alikuwa amezikwa Bondo siku moja tu kabla, na watu wengi walikuwa na nyuso za matanga. Tulisimama mbali sana, Rais tulimwona kama kidole. Fathee alikuwa na kofia mkononi tangu tuingie.

Ukaja wimbo wa taifa. Niwe mkweli, mimi ubeti wa kwanza najua, wa pili nasogeza midomo, wa tatu ni Mungu tu anajua. Na nilidhani siku hiyo nitahisi kitu, nina kadi, ni mara yangu ya kwanza. Nikaimba na nikahisi njaa. Halafu bendi ikanyamaza, watu wakaanza kuketi, na nikasikia sauti chini chini kando yangu. Fathee alikuwa ameingia ubeti wa pili. Alifundishwa beti zote tatu shule ya msingi Kwale, miaka hiyo ya viboko, na inaonekana hajui kuishia katikati. Mama mmoja mbele yetu akageuka akamtazama. Fathee akamaliza ubeti wa tatu, akavaa kofia.

Sikurekodi. Mimi, mwenye hurekodi hata kuku wakipigana.

Tukirudi, jioni, matatu imejaa, aliniomba kadi. Akaipangusa kwa shati, akaisogeza karibu na taa ya simu, akasoma kila kitu, mbele na nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta kosa. Akaigeuza tena.

"Picha wamekupiga vibaya," akasema, akanirudishia.

Jumanne ijayo tunarudi na mathee kwa ofisi ile ya ndoa. Safari hii tunaenda na mjomba aliyewapokea wale mbuzi, bado yuko hai, yuko Ikutha. Ameahidi kuja na anasema anakumbuka hata rangi zao.